Shanta la Mawe

Ukiwauliza wazee wa Magongo waliokuwapo zama za vita vikuu vya pili juu ya Ruwa wa Ngumbao, wengi hawatakutajia kwanza kwamba alikuwa kuli wa gatini Kilindini, wala kwamba alikuwa Mrabai, wala kwamba alikuwa na sauti nzuri ya kanisani. Watakwambia ni yule mtu aliyekuwa akibeba mawe. Ukiuliza aliyapeleka wapi, watakwambia hakuyapeleka popote. Aliondoka nayo nyumbani, akarudi nayo nyumbani. Na ndivyo ilivyokuwa, ila haikuanza hivyo.

Ruwa aliingia kazi ya ukuli akiwa kijana asiye na ndevu, akabeba kila kilichopanda na kushuka melini: kahawa, pamba, magadi, simiti, mbata. Hakuwa na mwili mkubwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole, na kwa jumla hakuwa na maneno. Jambo moja tu alilishikilia kama dini yake ya pili. Akishatua gunia la mwisho jioni, habebi tena kitu. Hata kikapu cha nazi alimwachia mkewe, Nyamvula, na Nyamvula alikwishazoea kutembea na mume mwenye mikono mitupu.

"Mgongo wangu uko kazini au uko nyumbani," alikuwa akisema. "Hauwezi kuwa pote pawili."

Mwaka wa pili wa vita mkono wake wa kushoto ulianza kutetemeka. Alikuwa akiukalia kanisani ili usiwashughulishe watu. Kisha akawa mzito wa kuondoka mahali, kama miguu yake inangoja ruhusa. Uso nao ukatulia, ukakosa kucheka na kukasirika, hata watu wakadhani amenuna. Halafu likaja lililomtoa kazini. Akisimama, kiwiliwili chake kilianza kuinama polepole, kama mtu aliyeona kitu chini akataka kuhakikisha ni nini. Akitembea hatua chache, kifua kilikuwa kimeshalala kama meza. Aliona vidole vyake vya miguu na njia, basi. Lakini akilala kitandani, ananyooka kama ubao, wala haumwi popote.

Makuli wenzake walisema ni magunia ya miaka yote yale. Ruwa alikataa katakata. Magunia, alisema, hayajamfanya ubaya wowote.

Nyapara wake, jina lake Chengo, alikuwa mtu wa haki, lakini wakati ule meli zilikuwa zimejaa bandarini na wanaojitia ugonjwa walikuwa wengi. Akaja Magongo mchana mwenyewe kuhakikisha. Akamkuta Ruwa juu ya kitanda cha kamba, amenyooka sawasawa. Chengo akaguna. Akamwambia asimame. Ruwa akasimama, akainama. Akamwambia alale. Ruwa akalala, akanyooka. Akamwambia asimame tena, kisha alale tena, na hivyo hivyo, mpaka Nyamvula akauliza kama mumewe anatwangwa. Chengo akakaa juu ya kigoda akajikuna kichwa.

"Bwana Ruwa, sikuiti mwongo," alisema mwishowe. "Ninaloliona ni kwamba wewe ukilala ni mzima na ukisimama ni mgonjwa. Ingekuwa gatini kuna kazi ya kulala, ningekuandika leo."

Akamshika mkono kwa heshima, akaondoka, na ukuli wa Ruwa ukaishia hapo.

Binti yao Dhahabu, aliyeolewa Mikindani, ndiye aliyeshikilia baba yake apelekwe hospitali. Daktari alikuwa Mzungu mzee aliyekuwa akisinzia. Alimtembeza Ruwa ukumbini, akamtazama mkono, akataja jina refu la Kizungu, na dresa, msaidizi wake, akalifasiri kuwa ni maradhi ya kutetemeka. Ruwa akasema kutetemeka hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kwamba siku hizi haoni watu, anaona viatu.

Daktari akaagiza kiletwe kitu kutoka stoo. Kilikuwa kama fulana ya ngozi nene, ina vyuma viwili vya kupanda mgongoni na mikanda ya kukaza mbele. Dresa alieleza kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya askari mmoja aliyevunjika mgongo, na sasa hakihitaji tena. Nyamvula akauliza kwa nini hakihitaji tena. Dresa akasema hilo lisimshughulishe.

Siku za kwanza fulana ile ilifanya kazi. Ruwa alitembea amenyooka kuliko mtu yeyote wa Changamwe, kiasi kwamba hakuweza kukaa. Alikula amesimama. Kanisani, watu walipopiga magoti kuomba, yeye alibaki wima peke yake katikati ya migongo yote, macho mbele, na mzee wa kanisa, Kitsao, akatumwa nyumbani kuuliza kama ana ugomvi na Mungu. Joto nalo halikumhurumia. Chini ya ngozi ile ngozi yake mwenyewe ikaanza kuchubuka. Na mwezi haukwisha kabla vyuma havijaanza kumfuata. Kila siku vilipinda kidogo, bila sauti, mpaka vikakubaliana naye kabisa.

Walipoirudisha hospitali, dresa aliiweka fulana mezani. Ikasimama imeinama mbele, sura ile ile ya Ruwa, ila Ruwa hakuwamo ndani. Dresa akamwuliza alikuwa akiifanyia nini.

"Nimeivaa," alisema Ruwa.

Ikachukuliwa kwa kuwa ni mali ya serikali, naye akapewa bakora. Bakora ilimsaidia kuinama kwa utulivu zaidi.

Karibu mwaka mzima ukapita hivyo. Kisha, jioni moja ya masika, mwenye mkokoteni akatupa gunia la makaa njiani mbele ya nyumba akaenda zake, na wingu lilikuwa limeshafunga upande wa Kipevu. Nyamvula alijaribu kuliburura, halikuondoka. Akamwita jirani yao Margret, mama wa Kitaita aliyekuwa akiuza viazi vitamu sokoni Makupa, na hata wao wawili halikuwaendea. Ruwa alikuwa kizingitini. Akaja na bakora yake mpaka penye gunia, na kwa vile alikuwa ameinama tayari, alikuwa katika mkao ule ule wa kutwikwa. Akaashiria kwa kichwa. Wanawake wakalinyanyua gunia wakamtwika, Margret akisema kwamba watamuua mtu wa watu.

Ruwa akainuka. Aliinuka kama alivyokuwa akiinuka gatini, goti kwanza, kisha kiuno, kisha kifua, kisha shingo. Akasimama wima na gunia mgongoni, na Nyamvula akauona uso wa mumewe ukiwa juu ya wake, mahali pake pa zamani.

"Usitue," Nyamvula alisema.

"Mvua inakuja."

"Najua. Usitue kwanza."

Mvua ikaja. Walisimama pale pale njiani wakitazamana, na Margret akakimbilia kwake, baadaye akasimulia kwamba wale wawili walikuwa wamepatwa na kitu. Ruwa aliangalia minazi. Aliangalia paa la nyumba yake akaona makuti yamechakaa vibaya, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Umezeeka, Mama Dhahabu," alisema.

"Na wewe," alisema Nyamvula, maji yakimtiririka usoni, na makaa yote yakalowa.

Tangu siku ile walianza kujaribu. Akitua, anainama. Akitwikwa, ananyooka. Mzigo ukiwa mwepesi mno, haumwinui. Ukiwa juu mabegani, unambwaga mbele. Ukikaa chini, karibu na kiuno, unamvuta nyuma taratibu na kumsimamisha. Nyamvula alikuwa na mpwa wake aliyerudi kutoka vitani Bama, na kijana huyo alikuwa ameacha kwao shanta lake la jeshi, lile la turubai la kuvaa mgongoni. Nyamvula akalichukua, akaongeza urefu wa mikanda yake ili lishuke, akashona kitambaa mahali pa kugusa mifupa, akamfunga mumewe nalo. Lilimkaa kama limeshonewa yeye.

Lililobaki ni la kutiwa ndani. Nyamvula, ambaye alikuwa mtu wa akili na mwenye shughuli nyingi, alisema watie mahindi, maana hata hivyo lazima yaende kusagwa. Au nazi. Au debe la maji. Ruwa akakataa.

"Nikibeba mahindi nafanya kazi," alisema. "Mimi nimeshaachishwa kazi."

"Lakini si ni dawa?"

"Ikiwa ni dawa, haipaswi kwenda kusagwa."

Wakashindana siku nzima. Mwisho akatoka nyuma ya nyumba, akiwa ameinama, akaokota mawe anayoyataka mwenyewe, akayafunga katika kanga kuukuu yasimchome, akayatia shantani. Mawe, alisema, hayana faida kwa mtu yeyote, kwa hiyo hakuna atakayeweza kumwambia yuko kazini.

Akaanza kutembea. Kila asubuhi alishika njia ya Magongo mpaka karibu na Makupa, akarudi. Alisalimia watu akiwatazama machoni. Aliuliza habari za watoto ambao kwa mwaka mzima alikuwa akiwajua kwa nyayo tu. Lakini habari zilipoenea kwamba ndani ya shanta mna mawe, fitina ikamwangukia Nyamvula. Ilisemwa kwamba amemtwika mume mgonjwa mawe ili afe upesi. Wanaume wema walimsimamisha Ruwa njiani wakamvua mzigo kwa nguvu ya heshima, hata kabla hajafungua kinywa. Ruwa akainama mpaka chini. Wao wakadhani anawashukuru, wakasema hapana mzee wetu, usitusujudie, wakampelekea mzigo mpaka nyumbani, naye akawafuata nyuma akitazama visigino vyao.

Margret alikuwa wa kwanza kuliona jambo kwa upande mwingine. Alikuja asubuhi moja akatoa salamu zake zote kwa ukamilifu, akamwuliza jirani yake ameamkaje na mgongo wake umeamkaje, kisha akaeleza shida yake.

"Baba Dhahabu, wewe unakwenda Makupa na mawe. Mimi nakwenda Makupa na viazi. Punguza mawe nusu, tutie viazi."

"Siwezi, mama."

"Uzito ni ule ule."

"Uzito ni ule ule," Ruwa alikubali. "Lakini viazi vina mwenyewe. Kitu chenye mwenyewe kina nyapara. Kesho utaniambia nimechelewa."

Margret alikaa wiki kadhaa hasemi naye. Wengine walimwunga mkono. Zama zile mchele na sukari vilipatikana kwa kadi, petroli hakuna, mikokoteni michache, na huyu hapa mtu mwenye mgongo unaotaka mzigo anaubebesha mawe bure. Ilionekana ni israfu. Kitsao, mzee wa kanisa, akajaribu kupatanisha. Akapendekeza abebe vitabu vya nyimbo tu, kwani hiyo si kazi bali ni ibada. Ruwa alifikiri sana akauliza kama vitakwenda kila Jumapili. Kitsao akasema kila Jumapili. Ruwa akasema basi hiyo ni kazi.

Siku moja askari waliowekwa Makupa kuzuia magendo wakamsimamisha. Askari mmoja, mtu wa bara, alifungua shanta, akafungua kanga, akaona mawe. Alikuwa amefundishwa kwamba mwenye kuficha sukari hutia juu kitu cha upuuzi. Akatoa mawe ya juu, akakuta mawe. Akayatoa hayo, akakuta mengine. Upuuzi ulifika mpaka chini.

"Unayapeleka wapi?" aliuliza.

"Nyumbani."

"Umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

Akapelekwa kwa koplo, akiwa amepinda na bakora yake, mawe yakiletwa nyuma. Koplo akayatazama kwa muda, akaagiza jiwe moja livunjwe kuona ndani yake. Lilikuwa jiwe. Akamwachilia. Lakini Ruwa hakuondoka. Alieleza kwa adabu kwamba sasa uzito umepungua na hatafika nyumbani akiwa wima. Koplo, akitaka amani, akang'oa jiwe moja katika yale yaliyopakwa chokaa kando ya njia ya kituo, akampa. Ruwa akaenda nalo.

Mwaka uliofuata vita vilikuwa vimekwisha, na kanisani pakawa na juma la mahubiri ya uamsho. Mhubiri alikuwa Justus, kijana kutoka Ukambani, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha na moyo safi kabisa. Siku ya kwanza alihubiri juu ya mizigo. Alisema kila mmoja hapo ndani amebeba mzigo usioonekana, na ole wake mtu anayefika mpaka mlangoni mwa Bwana akashindwa kuingia.

Ruwa alikuwa amechelewa. Tena maradhi yake yalikuwa na tabia hii nyingine, kwamba akifika mlangoni miguu hukataa. Ilinata kizingitini kama imegandishwa, na ilibidi angoje mpaka ikubali. Basi Justus alipoinua macho, akaona mtu mzima amesimama wima mlangoni, ana mzigo mgongoni, anatetemeka, hawezi kuingia.

Kanisa zima likageuka. Justus akashuka, akaenda mpaka mlangoni, akamshika mkono. Mguu wa Ruwa, kama ulivyokuwa ukifanya mara nyingi akishikwa, ukaondoka.

"Umebeba nini, baba?" Justus aliuliza walipofika mbele.

"Mawe," alisema Ruwa.

Wanawake wakaguna. Justus akauliza tena.

"Nani aliyekutwika?"

"Najitwika mwenyewe."

"Na yanakwenda wapi?"

"Hayaendi popote, mwalimu."

Justus alifumba macho. Kisha akaifungua mikanda kwa mikono yake, akalivua shanta, akaliweka chini ya mimbari. Ruwa akaanza kuinama. Aliinama polepole mbele ya watu wote, kichwa, mabega, kifua, mpaka ikawa kama anataka kuibusu sakafu. Kanisa likalia. Margret alisimama akakiri mambo ya vipimo vyake vya viazi. Kitsao alikiri jambo la mpaka wa shamba ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Nyamvula alisimama upande wa wanawake ili aeleze, lakini wenzake walimkumbatia kwa furaha, kila alipofungua kinywa wakamkumbatia tena.

Watu walipotawanyika, Ruwa alimwendea Justus kuomba shanta lake.

"Ndugu yangu," Justus alisema kwa upole, "mtu harudii mzigo alioutua mbele ya Bwana."

"Mwalimu, mimi ni mgonjwa."

"Sote tulikuwa wagonjwa."

Mawe yakabaki chini ya mimbari. Watu walikuja kuyaona kutoka Mikindani na hata Mtopanga. Jiwe lenye chokaa liliwashangaza kuliko yote, na kila mmoja alikuwa na tafsiri yake. Ruwa alikuwa nyumbani anatazama sakafu. Nyamvula alijaza gunia mawe mengine, maana mawe Magongo hayakosi, akamfunga nalo. Alipofika njiani tu, Kitsao akamkuta, akamlilia kwa machozi ya kweli asirudi nyuma, akamvua, akayapeleka mawe kanisani. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Chungu ya mawe chini ya mimbari ikakua, na ilisemwa kwamba Ruwa anapigana vita vikubwa.

Nyamvula akaona hapa maneno hayatasaidia. Akampikia mhubiri wali wa nazi na samaki, akamkaribisha chakula cha mchana. Justus alikuta mwenyeji wake amelala, amenyooka. Akamwona akisimama na kupinda. Nyamvula akachukua kinu cha kutwangia, akakifunga kwa kanga mgongoni mwa mumewe, na mumewe akapanda juu taratibu mpaka akamtazama mgeni machoni, akamwambia karibu tena.

Justus hakula kwa muda. Aliomba aonyeshwe mara ya pili, akaonyeshwa. Halafu akasema kwamba tangu siku ile ya kwanza hajahubiri kitu kingine ila yale mawe.

"Niwaambie nini watu sasa?" aliuliza, na aliuliza kweli, kama kijana anayemwuliza baba yake.

"Wale waliookoka, waache waokoke," alisema Ruwa. "Mimi nataka shanta."

Siku ya kufunga mkutano Justus alimwita Ruwa mbele. Akatangaza, bila kujitetea, kwamba amekosea. Mzee huyu ana maradhi ya kutetemeka, mawe haya ni dawa yake, nayo yanamsaidia kusimama. Huku akisema, alimvalisha shanta kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mikanda.

Hakuna aliyesikia maneno yale. Walichokiona watu ni kiwete aliyepinda kama ndoana akiinuka chini ya mikono ya mhubiri, kiuno, kifua, shingo, mpaka akasimama wima akiwatazama. Makelele yaliyotoka mle ndani yalisikika stesheni. Justus aliinua mikono kuwanyamazisha, wao wakaona anabariki. Alijaribu kueleza habari ya uzito, akapaza sauti mpaka ikamkauka, na kila alivyopaza ndivyo walivyoitikia haleluya. Mzee mmoja asiyeona alikuwa tayari ameshaletwa mbele.

Aliondoka kesho yake kwa treni ya mchana, akiwa na huzuni kubwa. Ruwa na Nyamvula walimsindikiza mpaka stesheni ya Changamwe, kwa sababu alikuwa kijana wa watu na hakuwa na mama karibu. Lakini hawakuwa peke yao. Wenye vidonda, wenye pumu, wenye watoto wasiosema, wote walikuwa wamemtangulia, na jukwaa likajaa. Ruwa alikuwa amechoka, akavua shanta, akaliweka kando ya sanduku la mhubiri, akakaa juu ya benchi. Treni ilipoingia, watu wakamsonga Justus kila upande wakimgusa koti, na wapagazi wa reli, wakiwa na haraka, wakapakia kila kilichokuwa jukwaani. Filimbi ikapigwa. Justus alisukumwa ndani akiwa bado anasema si yeye, si yeye.

Behewa la mizigo lilipopita mbele yao, mlango wake ulikuwa bado wazi. Nyamvula aliliona shanta limekaa juu ya sanduku, limeegemea ukuta kama abiria, linakwenda bara.

"Baba Dhahabu," alisema, "mawe yako yamepanda treni."

Ruwa alisimama aone, akaona jukwaa tu, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kuinama. Nyamvula alishindwa kujizuia. Alicheka akashika nguzo, akacheka tena mpaka akakaa chini, mama mtu mzima wa kanisa. Uso wa Ruwa haukuonyesha kitu, uso ule haukuwa ukionyesha kitu tena, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika, na huko hakukuwa kutetemeka kwa maradhi. Nyamvula alizijua tofauti zake zote.

Walipochoka kucheka, walifuata njia ya kando ya reli kurudi nyumbani, yeye amemshika mume mkono. Mawe ya reli yalikuwa yamemwagika mpaka njiani, makali, meusi, mazito kuliko yale ya nyuma ya nyumba. Ruwa alisema yanafaa. Nyamvula akatandika kanga. Ruwa aliokota moja moja, akilipima mkononi, lisilomridhisha akilirudisha, na kwa kuwa alikuwa ameinama tayari, hakupata taabu yoyote.